Zege hushika, halikauki: Kitenzi kinachowagharimu wenye nyumba

MSOMAJI mmoja wa safu hii, anayetaka kumwaga slabu ya kuegeshea gari uani pake, aliniuliza majuzi Kiswahili cha kile ambacho mafundi wetu hukiita ‘kukyua’ zege. Swali lake ni zuri. Jibu lake halihusu istilahi tu, kwa kuwa akiba yake imo katika zege hilo.

Kabla ya kufika huko, tutazame kitenzi kinachotawala mijengo yetu: kukauka. “Mzee, ngoja ikauke, kesho kutwa unapaki gari,” fundi atakwambia huku akiosha karai na mwiko wake. Nguo hukauka. Ukuta wa udongo uliokandikwa hukauka. Katika hali hizo maji huondoka na kitu kikabaki kama kilivyokuwa, ndiyo sababu udongo ule ukinyeshewa huwa tope tena.

Zege haliko hivyo. Maji yanapokutana na saruji huungana nayo kikemia, joto likatoka, na vikaundwa vijifuwele vinavyoshikana na kuufumbata mchanga na kokoto (au balasti, kama tunavyoizoea madukani). Maji ni sehemu ya jiwe hilo jipya. Tena zege hushika hata likiwa chini ya maji. Lau lingehitaji kukauka, nguzo za madaraja zisingesimama mitoni.

Basi anayeamini kwamba zege hukauka atafanya nini? Ataliacha juani. Jua na upepo, hasa kwenye nyanda kama za Kitengela na Athi River, huyafyonza maji ya juu kabla saruji haijamaliza kazi yake. Matokeo ni nyufa nyembamba kama nywele na uso unaotoa vumbi kila unapofagiwa. Lawama huangukia saruji, eti siku hizi ni feki!

Nadhani kitenzi hiki tumekirithi kwenye chokaa. Majengo ya kale ya Lamu na Gedi yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa ya aina hiyo hupoteza maji kwanza, kisha ikakakamaa polepole kwa kuvuta kaboni dioksidi hewani. Hapo kukauka hakukuwa mbali na ukweli. Neno sakafu nalo limetokana na Kiarabu, ambako lina maana ya paa. Katika nyumba za ghorofa za mwambao, paa la wa chini ndilo sakafu ya wa juu. Lakini neno linalonivutia zaidi ni saruji yenyewe. Huko Oman na Iran, sarooj ni lipu ya jadi inayohimili maji, na Waomani waliitumia kujengea mifereji yao ya falaj. Neno limetujia na maji yake ndani, nasi tukaliunganisha na ukavu.

Kitenzi mwafaka tunacho tayari: kushika. Saruji imeshika, yaani haibonyei tena. Sikipendi sana kuganda, maana samli iliyoganda huyeyuka ikipashwa moto, ilhali zege halirudi nyuma. Kisha kuna hatua ndefu ya kupata nguvu, ambayo ningeiita kukomaa. Zege lililotunzwa vyema huwa na takribani thuluthi mbili za nguvu zake siku ya 7, nao wahandisi hulipima siku ya 28.

Je, ‘kukyua’? Wengine husema kumwagilia, lakini kumwagilia ni njia moja tu. Unaweza pia kulifunika zege kwa nailoni au magunia mabichi, au ukazungushia slabu kingo za mchanga na kutuamisha maji juu yake. Kinachozijumuisha njia hizi zote ni kukomaza, na hilo ndilo jibu langu kwa msomaji.

Asidhani, hata hivyo, kwamba maji mengi ni mazuri wakati wowote. Wakati wa kuchanganya ni kinyume. Kikemia saruji huhitaji maji ya takribani robo ya uzito wake. Yanayozidi ni ya kulainisha kazi, nayo huacha vitundu yanapotoka. Kwa mfuko wa kilo 50, lita 25 zinatosha, na pungufu ya hapo mchanga ukiwa umelowa. Vijana wakianza kuongeza maji ili zege liteleze kama uji, awazuie pale pale. Slabu ya sentimita 10 hadi 15 ikishashika kiasi cha kutochubuka, aanze kuikomaza, asiiache ikauke kwa siku 7 mfululizo. Gari nalo lilale nje kwa muda.