Oili Chafu Haigeuzi Nondo Kuwa Kisu

"Fundi, oili chafu ya dizeli na ya petroli, ipi inafanya kisu kiwe kigumu zaidi?" Swali hili naulizwa na vijana wanaojitengenezea visu vya kuwindia na kupigia kambi, na mara nyingi anayeuliza ameshika kipande cha nondo. Jibu ni kwamba hakuna. Nondo ya kujengea haigumishwi na oili ya dizeli wala ya petroli, wala damu ya mbuzi, wala mkojo.

Wanachoamini ni hiki: oili chafu ina masizi, masizi ni kaboni, kaboni ndiyo inayokipa chuma ugumu, basi ukichovya chuma chekundu humo kaboni itaingia. Mwanzo wa maneno hayo ni kweli, ndiyo maana imani yenyewe haifi. Lakini kaboni huingia ndani ya chuma polepole mno, na chuma lazima kiwe motoni. Ili ipenye milimita moja tu, inabidi ukizike katika unga wa mkaa ndani ya sanduku lililozibwa, kikae kwenye nyuzi 900 au zaidi kwa saa kadhaa. Kwenye oili, wekundu wa kisu unapotea ndani ya sekunde chache. Kaboni itaingia saa ngapi?

Wahunzi wa Kihaya, kule Kagera, walilijua hili kwa vitendo. Tanuri zao, ambazo watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari zake mwaka 1978, zilijazwa chini matete ya kinamasi yaliyounguzwa. Chuma kilipata kaboni humo humo motoni, mivukuto ikivuma kwa saa nyingi.

"Mbona cha jirani kilikuwa kigumu?" Kwa sababu jirani alitumia springi ya gari. Springi nyingi za bapa zina kaboni karibu asilimia 0.6 tangu kiwandani. Nondo ya kawaida ina nusu ya hapo au pungufu. Springi ile ingekuwa ngumu hata kwenye mafuta ya alizeti, ila sifa ikapewa oili.

Na msinionyeshe ule weusi unaobaki kwenye kisu kikitoka kwenye oili. Sugua kisu kwa msasa hadi ngozi ya juu iishe, kisha pitisha tupa kwenye makali. Kwenye springi iliyogumishwa vizuri tupa inateleza na kulia, haiachi alama. Kwenye nondo inauma papo hapo, na unga wa chuma unadondoka mezani. Weusi ulikuwa masizi yaliyoganda juu.

Kinachoniudhi zaidi ni moshi. Oili iliyotumika ina kemikali zinazosababisha saratani, na watu wanauvuta moshi wake katika vibanda visivyo na dirisha, kwa faida ambayo haipo.

Basi fanya hivi. Tafuta springi isiyo na nyufa. Kata au fua umbo, acha makali yenye unene wa milimita moja na nusu. Yakiwa membamba zaidi yatapinda au kupasuka. Pasha mpaka sumaku iache kushika, karibu nyuzi 770, ongeza wekundu kidogo, acha kipoe hewani. Rudia mara tatu. Pasha tena vivyo hivyo, kisha chovya wima, ncha ikitangulia, katika mafuta ya kula yenye joto la nyuzi 50 hivi, ndani ya chombo cha chuma chenye mfuniko. Maji yanapasua, yaache. Kikitoka hapo kikianguka sakafuni kinaweza kuvunjika, kwa hiyo siku hiyo hiyo kioke kwa nyuzi 200 saa mbili, kipoe, rudia. Huna oveni? Kisugue king'ae, pasha taratibu kuanzia mgongoni mpaka makali yafikie rangi ya majani makavu, halafu kizamishe majini mara moja. Mpini uwe wa mninga au mpingo, na vaa barakoa unapoupiga msasa, maana vumbi lake linawasha. Noa kwa nyuzi 20 kila upande. Springi inashika kutu, kwa hiyo kikaushe na kukipaka mafuta kabla ya kukirudisha kwenye ala. Ukiwa na nondo tu, ifue iwe vigingi vya hema. Kazi hiyo inaiweza.