Kufuta Tatuu: Piga Hesabu Yote Kabla ya Kulipa Kikao cha Kwanza

Kuchorwa tatuu huchukua mchana mmoja. Kuifuta ni kazi ya miezi, na mfuko lazima uwe tayari kwa safari yote. Kuna mwenye jina la mpenzi wa zamani kifuani na sasa anaoa. Kuna kijana anayetaka kujiunga na kikosi cha usalama, na anajua siku ya kuandikishwa mwili hukaguliwa. Wengi huanza kwa swali moja: ni pesa ngapi? Kwa hivyo tumeamua kulinganisha njia zilizopo, tukikuangalia wewe uliye Machakos na unayepanga kulipa kwa simu.

Angalizo: bei tunazotumia hapa ni za mfano, za kukufundisha kupiga hesabu. Weka zile utakazopewa na kliniki yako.

1. Leza

Mwanga wa leza huvunja wino vipande vidogo sana, kisha mwili wenyewe unaviondoa polepole. Ndiyo maana kikao kimoja hakitoshi. Tatuu nyingi huhitaji vikao kadhaa, mara nyingi zaidi ya vitano, na kati ya kikao na kikao unasubiri wiki 6 hadi 8 ngozi ipone. Wino mweusi hutoka kwa urahisi zaidi. Kijani na njano ni wasumbufu.

Tuseme kikao ni shilingi 6,000, nauli ya Machakos–Nairobi kwenda na kurudi ni 800, na dawa ya kupaka ni 500. Hapo kila safari inakula 7,300. Vikao 8 ni 58,400. Ongeza 2,000 za kumwona daktari mara ya kwanza, jumla 60,400. Umeona? Ukisikia "elfu sita tu", hiyo ni kama sehemu moja ya kumi ya gharama yote.

Kwa ngozi nyeusi, aina ya mashine ni muhimu kuliko ofa. Uliza kama wana leza ya Nd:YAG yenye mawimbi ya nanomita 1064, ambayo ni salama zaidi kwa ngozi yetu. Mashine isiyofaa inaweza kukuachia mabaka meupe au meusi, na kutibu mabaka ni bili nyingine. Kama makovu yako huwa yanavimba, mwambie daktari kabla ya kuanza.

2. Upasuaji

Daktari anakata kipande cha ngozi chenye tatuu na kushona. Inafaa tatuu ndogo, na mara nyingi huisha kwa siku moja. Tuseme upasuaji ni 30,000, kumwona daktari 2,000, safari tatu za kupasuliwa, kubadilisha bandeji na kutoa nyuzi 2,400, na siku 5 bila kazi kwa 1,000 kila siku. Jumla 39,400. Kwa mfano huu ni nafuu kuliko leza, lakini kovu litabaki. Kama wewe ni wa bodaboda au una kibanda sokoni, usisahau kuhesabu zile siku za kukaa nyumbani.

3. Kukwangua ngozi kwa mashine

Hapa ngozi ya juu inasuguliwa hadi wino ufikiwe. Inauma, matokeo hayatabiriki, na ngozi nyeusi inaweza kubadilika rangi au kupata kovu. Bei ya mwanzo ikiwa ya chini isikudanganye.

4. Krimu na asidi za mtandaoni

Hizi ndizo zinazokula pesa za watu kimyakimya. Wino wa tatuu umekaa ndani, chini ya ngozi ya juu, na krimu haifiki huko. Hata Marekani, mamlaka ya dawa ya FDA haijaidhinisha krimu yoyote ya kufuta tatuu nyumbani. Asidi nayo inachoma ngozi. Chupa ya 1,500 inaweza kukupeleka hospitali ukiwa na kidonda, na tatuu bado ipo.

5. Kuifunika kwa tatuu nyingine

Mara nyingi ndiyo njia ya bei ya chini, na inasaidia kama shida ni jina tu. Kama shida ni ukaguzi wa kazi, haikusaidii chochote.

Sasa tuongee malipo

*Lipa kikao kwa kikao.* Ukiambiwa ulipe vikao 10 leo ndio upate punguzo, jiulize: ngozi yangu ikikataa baada ya kikao cha pili, pesa zinarudi? Kama jibu haliko kwenye maandishi, achana nayo.

*Lipa kwa till au paybill ya kliniki, si kwa namba ya mtu.* Soma jina linalotokea kabla malipo hayajakamilika. Jina likiwa tofauti na la kliniki, simamisha kwanza uulize. Hifadhi kila meseji ya malipo pamoja na risiti.

*Hakikisha kliniki na daktari wana leseni* ya baraza la madaktari, KMPDC, kabla ya kutuma hata deposit.

*Weka akiba badala ya kukopa.* Kwa mfano wetu wa leza, 7,300 kila baada ya wiki 6 ni kama shilingi 175 kwa siku. Fungua akiba iliyofungwa kwenye simu na uiite jina utakalo. Mkopo wa simu wa siku 30 kwa kazi itakayochukua karibu mwaka mzima utakuumiza, kwa sababu mkopo utadai kabla hata ya kikao cha pili.

*Uliza maswali haya matatu kabla ya kulipa:* vikao vinakadiriwa kuwa vingapi, bei ya kila kikao inajumuisha nini, na nikipata tatizo la ngozi nani anagharamia?

Hakuna daktari mkweli atakayekuahidi tatuu itoke asilimia 100. Anayekuahidi hivyo kwenye simu, na anataka deposit leo leo, mwache na promo yake. Tatuu imekaa miaka, inaweza kungoja wiki moja zaidi ukiuliza vizuri.