Ahadi ya Uwazi na Mipaka ya Sheria: Mgombea Mbele ya Wapiga Kura wa Magu

Katika mikutano ya kampeni wilayani Magu, kuanzia Kisesa hadi vijiji vinavyopakana na Ghuba ya Speke, mgombea anayeahidi uwazi na uwajibikaji hushangiliwa kama anayeahidi maji, barabara au bei nzuri ya pamba, ingawa ahadi yake ndiyo ngumu zaidi kuipima. Uwazi ni kuwafikishia wananchi taarifa za fedha na maamuzi pasipo kusubiri waziombe, ilhali uwajibikaji ni kulazimika kujibu maswali yanayotokana na taarifa hizo na kubeba matokeo endapo majibu hayaridhishi. Kiongozi anaweza kubandika hesabu zote ubaoni na bado asiwajibike kwa yeyote.

Sehemu kubwa ya kinachoahidiwa ni wajibu uliokwisha kuandikwa. Mkutano Mkuu wa Kijiji, chombo cha wanakijiji wote watu wazima kilichowekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, ndipo mahali pa kusomewa mapato na matumizi ya kijiji. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya 1995 humtaka mbunge na diwani kutoa tamko la mali na madeni, na Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 humpa raia haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma. Kwa hiyo mgombea udiwani anayeapa kwamba hesabu zitasomwa anaahidi kutovunja sheria, jambo jema lakini lisilostahili vigelegele. Anayeahidi kutangaza tamko lake la mali hadharani, lile ambalo kwa kawaida hubaki katika daftari la Sekretarieti ya Maadili na kuonekana kwa masharti tu, huyo ameongeza kitu.

Mahali pazuri zaidi pa kumpimia mgombea ubunge ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009. Fedha zake hupitia halmashauri, lakini mwenyekiti wa kamati inayochagua miradi ni mbunge mwenyewe, yaani mtu yuleyule anayetakiwa kuisimamia Serikali bungeni hugeuka mgawaji wa bati na saruji jimboni. Swali la kumuuliza, basi, ni kama yuko tayari kusoma kata kwa kata kiasi kilichopokelewa, miradi iliyoachwa na sababu za kuiacha, kwa kuwa orodha ya miradi iliyokamilika pekee haionyeshi upendeleo.

Wapiga kura wa kanda hii hawahitaji kufundishwa ukali. Mwaka 1965, katika uchaguzi wa kwanza wa chama kimoja, ambapo wagombea wawili wa TANU walisimama jukwaa moja kwa alama za jembe na nyumba, Paul Bomani, aliyekuwa Waziri wa Fedha na mwasisi mashuhuri wa ushirika wa wakulima wa pamba, aliangushwa katika jimbo lake mkoani Mwanza. Muda mfupi baadaye alikuwa tena katika Baraza la Mawaziri, kwa uteuzi wa Rais. Hukumu ya wapiga kura ilikuwa imefika mwisho wa nguvu zake.

Mipaka hiyo haijasogea sana. Rasimu ya Katiba iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaja uwazi, uadilifu na uwajibikaji miongoni mwa tunu za Taifa, tena ikawapa wananchi haki ya kumwondoa mbunge wao kabla ya muhula kwisha. Bunge Maalum la 2014 liliifuta haki hiyo, na maneno hayo matatu yakaondolewa katika orodha ya tunu. Kenya iliiweka haki kama hiyo katika Katiba yake ya 2010, ingawa masharti ya kuitumia ni magumu mno. Chini ya Katiba ya Tanzania ya 1977, inayotumika hadi sasa, mbunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompendekeza hupoteza kiti chake, lakini anayewapa kisogo wananchi wa Magu hukaa nacho hadi uchaguzi mwingine.