Wingu la Pugu, Maji ya Jangwani

Jijini Dar es Salaam, kutoka kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hadi mtoni Jangwani hazifiki kilomita tatu. Unashika Mtaa wa Msimbazi, unapita Kituo cha Polisi, unafika kituo cha Fire, unakunja kushoto Barabara ya Morogoro na kuteremka bondeni. Foleni ikikaza, wengi huona ni heri kutembea. Lakini masika mbingu zikifunga, matembezi haya yanataka umakini, na kosa la wengi ni kuangalia wingu lililo juu ya vichwa vyao tu.

Hilo litakulowesha. Linaloijaza Jangwani mara nyingi liko kusini magharibi, juu ya vilima vya Pugu na Kisarawe, unakotoka Mto Msimbazi. Mto huu husafiri kama kilomita 35, ukipita Vingunguti na Kigogo na kupokea maji ya mito midogo kama Ubungo na Sinza, kabla ya kumwaga baharini kwenye Daraja la Salenda. Mvua ikipiga Pugu asubuhi, bonde linaweza kufurika baadaye huku wachuuzi wa Mtaa wa Msimbazi hawajafunika hata meza moja kwa turubai. Hatari hii haiko hapa tu. Huko Arizona, Marekani, mwezi Agosti 1997, watalii 11 walikufa katika korongo la jangwani la Antelope Canyon kwa mafuriko ya mvua iliyonyesha mbali. Septemba 2019, maji ya ghafla yaliua watu saba katika korongo la Hell's Gate, karibu na Naivasha, Kenya.

Tupige hesabu kidogo. Kwa kipimo cha Mamlaka ya Hali ya Hewa, mvua kubwa ni ile inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Paa la mita za mraba 100 litamwaga lita 5,000 kwa mvua hiyo. Kilomita moja ya mraba, lita milioni 50. Ardhi yenye miti na nyasi hunywa sehemu kubwa ya maji hayo na kuyaachia polepole. Bati, zege na lami havinywi kitu. Kadiri tunavyojenga huko juu, maji hufika Jangwani mapema zaidi na kwa wingi zaidi, yakibeba mchanga na taka zinazoinua kitako cha mto. Desemba 2011 jiji lilipata zaidi ya milimita 150 kwa siku moja. Watu zaidi ya 40 walikufa, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande.

Kuna jambo jingine ambalo wavuvi wa Feri wanalijua kuliko wahandisi wengi: bamvua, yaani maji makuu ya bahari. Maji hayo yakijaa wakati mto nao umejaa, mlango wa Salenda unakuwa kama umezibwa. Mto hauna pa kwenda, unarudi bondeni. Ndiyo maana mvua ileile inaweza kuleta madhara tofauti kabisa kwa siku mbili tofauti.

Kwa hiyo uamuzi wako ufanye Fire, kabla ya kuteremka. Tazama upande wa Pugu. Kama kumefunga kwa wingu zito lenye kitako cheusi, subiri. Ukisikia radi, hesabu sekunde tangu umeme ulipomulika, uzigawe kwa tatu: hizo ndizo kilomita. Sekunde zikiwa chini ya 30, ingia ndani ya jengo, wala usijibanze chini ya mti. Viwanja vya Jangwani viko wazi, na mtu aliyesimama peke yake pale ndiye mrefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Ukiwa tayari umefika mtoni, tazama maji. Yakibadilika ghafla kuwa ya rangi ya udongo, chupa na magogo yakianza kupita kwa kasi, geuka. Maji ya sentimita 15 yanayokwenda kasi yanatosha kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinaweza kuchukua gari dogo. Zaidi ya hayo, hayakuonyeshi mtaro ulipo.

Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa Bonde la Msimbazi, ukiwemo ujenzi wa daraja jipya la juu zaidi pale Jangwani na kuhamisha karakana ya mwendokasi, ambayo imeshafurika mara kadhaa. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini daraja litamvusha mtu. Halitapunguza hata lita moja inayotoka Pugu. Miti ya vilimani na kingo za mto vinahitaji fedha na ulinzi kama nguzo za daraja. Na ningependa kuona kipimo cha kina cha mto huko juu, Gongo la Mboto, kikiwasha taa nyekundu hapa Fire, ili mchuuzi anayerudi Magomeni jioni na mzigo wake kichwani ajue kinachokuja kabla hajafika bondeni.