Malangatana: Brashi, Wino na Shairi

Picha ya Malangatana haina pa kupumulia. Nyuso zimebanana toka pembe moja ya turubai hadi nyingine, macho yamekodoka, meno meupe yako nje, kucha ndefu zimeshika shingo ya huyu na bega la yule. Mwanamke mwenye nywele ndefu yumo katikati ya madude ambayo nusu ni watu na nusu wanyama. Nyekundu imekolea, mistari myeusi ni minene. Mtazamaji hutafuta mhusika mkuu ili aanzie kwake, na mara nyingi hampati.

Mwenye kuichora, Malangatana Valente Ngwenya, alizaliwa Juni 6, 1936 katika kijiji cha Matalana, wilaya ya Marracuene, kaskazini ya mji ambao Wareno waliuita Lourenço Marques na ambao leo ni Maputo. Baba yake alikuwa kibarua wa migodi ya Afrika Kusini, kama wanaume wengi wa kusini mwa Msumbiji, kwa hiyo kijana alikulia zaidi mikononi mwa mama. Na mama huyo alikuwa fundi. Alipamba vibuyu kwa shanga, aliwachonga watu meno na kuwachanja chale, urembo wa enzi hizo. Katika ukoo walikuwemo pia waganga, na mtoto alikaa nao akijifunza habari za dawa na mizimu. Shule aliipata ya misheni, kidogo tu. Ukiyajua haya, meno yale ya kwenye turubai hayakushangazi sana.

Akiwa na miaka 12 alikwenda mjini kutafuta kazi. Alilea watoto wa watu, akatumwa huku na kule, na mwaka 1953 akapata kibarua cha kuokota mipira katika klabu ya tenisi ya Wazungu. Usiku alisoma.

Siku moja alimwomba mwanachama mmoja wa klabu, Augusto Cabral, viatu chakavu kama anavyo. Cabral, mtaalamu wa viumbe aliyependa kuchora kwa kujifurahisha, alimwambia aje nyumbani kwake. Kijana alipofika alimkuta mwenyeji ameshika brashi. Viatu vikasahaulika: akaomba afundishwe kupaka rangi. Cabral alimpa rangi, brashi na vipande vya plaiwudi. Alipoulizwa achore nini, jibu lake likawa kwamba achore kilichomo kichwani mwake.

Baadaye akajitokeza Pancho Guedes, msanifu majengo Mreno mwenye majengo ya ajabu ajabu mjini humo. Guedes alimpa gereji ya nyumbani kwake iwe karakana, akawa ananunua picha zake kila mwezi ili kijana aweze kuishi kwa kazi hiyo. Mwaka 1961, akiwa na miaka 25, Malangatana alifanya onyesho lake la kwanza la peke yake. Mwaka huohuo alichora *Juízo Final*, yaani Hukumu ya Mwisho, ambayo mpaka leo hutajwa kila anapozungumziwa. Jehanamu aliyosikia misheni na mizimu aliyosikia kwa waganga zilikuwa zimeshazoeana kichwani mwake, naye hakuona sababu ya kuzitenganisha.

Hadithi ya muokota mipira aliyeinuliwa na mabwana wema ni tamu, na magazeti yameirudia sana. Ina kasoro moja. Inamfanya aonekane kama mtu aliyeokotwa akiwa mtupu, kipaji kisichofundishwa na yeyote. Guedes mwenyewe aliamini kwamba masomo ya sanaa yangemharibu. Lakini Malangatana alikuwa ameshafundishwa: mkono wa mama yake uliochonga meno na kupanga shanga ulikuwa shule ya mstari na rangi, hata kama hautoi cheti. Tena hakuridhika kubaki asiyesoma. Mwaka 1971 alichukua ufadhili wa Mfuko wa Gulbenkian, akaenda Ureno kujifunza uchapaji wa picha za kuchonga na kazi za kauri.

Msomaji wa Dar es Salaam huenda akamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, jirani na mpaka wa Msumbiji, aliyeanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kupaka rangi ya baiskeli kwenye vipande vya mbao. Wote wawili walianzia kwenye mbao na vibarua vya mjini. Ila chui wa Tingatinga hupewa uwanja wake, akasimama peke yake akaonekana. Malangatana angemjazia watu kumi mgongoni.

Mashairi yalikuja pamoja na picha. Jarida la *Black Orpheus* la Nigeria lilichapisha kazi zake mapema, na mwaka 1963 mashairi yake mawili yakaingia katika mkusanyo wa mashairi ya Afrika uliohaririwa na Gerald Moore na Ulli Beier, uliosomwa sana vyuoni. Moja linamhusu mama na hofu ya kujifungua. Jingine linamhusu mwanamke, na ndani yake mna mto na samaki wakubwa kupita kiasi, wenye kuashiria kwamba huenda dunia inakwisha. Ni viumbe walewale wa kwenye plaiwudi. Tofauti iko kwenye mwendo: picha inakutupia kila kitu mara moja, shairi linakuletea samaki kwanza, kisha hofu, kisha mwanamke. Mtu mwenye kuona picha zake kuwa fujo tupu angefaidika kuanzia kwenye mashairi, kwa sababu humo anaonyeshwa utaratibu wa fujo hiyo.

Wakati huo nchi ilikuwa inachemka. Chama cha ukombozi cha FRELIMO kilikuwa kimeundwa Dar es Salaam Juni 25, 1962, na Septemba 1964 vita vya ukombozi vikaanza kaskazini. Malangatana alijiunga na harakati, na haikuchukua muda PIDE, polisi wa siri wa Ureno, wakamtia mbaroni. Alikaa gerezani kama miezi 18. Katika wimbi hilo la kamatakamata walikuwemo José Craveirinha, mshairi aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Camões, mwaka 1991, na Luís Bernardo Honwana, ambaye kitabu chake cha hadithi fupi kilikuwa kimetoka 1964 akiwa na miaka 22 hivi. Wakoloni, bila kukusudia, waliwakusanya waandishi na wasanii bora wa nchi nyuma ya ukuta mmoja.

Gerezani hakuna turubai wala mafuta ya kuchanganyia rangi. Akachora kwa wino kwenye karatasi. Wachoraji wengi hutumia mchoro wa wino kama maandalizi ya picha kubwa, kisha wakautupa droo. Kwa Malangatana ni kazi iliyokamilika, na kwa maoni ya mwandishi huyu ndiyo kazi yake ngumu kuliko zote, kwani nyekundu haipo tena ya kumsaidia. Umebaki mstari, na mstari huo unabeba miili iliyojazana chumba kimoja, macho yakisubiri. Kalamu ya mshairi na kalamu ya mchoraji hapo ni kitu kimoja mkononi.

Uhuru ulikuja Juni 25, 1975, miaka 13 kamili tangu FRELIMO kuundwa. Kuanzia hapo Malangatana akawa mtu wa ukuta. Kwenye bustani ya Makumbusho ya Historia Asilia, Maputo, alichora mural ndefu ambayo mpita njia hahitaji tiketi ya onyesho kuijua. Makumbusho hayo yalikuja kuongozwa na Augusto Cabral, yuleyule wa viatu. Serikali ilimtunuku Malangatana Nishani ya Nachingwea kwa mchango wake katika utamaduni, nishani yenye jina la mji ulioko mkoa wa Lindi, Tanzania, ambako wapiganaji wa FRELIMO walipewa mafunzo.

Lakini amani haikukaa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1977 hadi 1992 viliua watu wanaokadiriwa kufika milioni moja, na madude yakarudi kwenye turubai yakiwa na kazi mpya. Yeye mwenyewe alishiriki harakati za kutafuta amani, akawa mbunge wa FRELIMO kuanzia 1990 hadi 1994, na mwaka 1997 UNESCO ikampa heshima ya Msanii wa Amani. Waliomfahamu humtaja pia kwa kuimba na kucheza ngoma, na kwa kuwakusanya watoto awafundishe kuchora.

Alifariki Matosinhos, Ureno, Januari 5, 2011, akiwa na miaka 74. Mwaka 2020 Taasisi ya Sanaa ya Chicago iliandaa onyesho la kazi zake za kati ya 1959 na 1975, michoro ikiwa sambamba na picha za rangi. Mashairi yake yalikusanywa katika kitabu cha Kireno miaka ya 1990, na ni mafupi kiasi kwamba mfasiri mmoja mwenye subira angeweza kuyaleta kwa msomaji wa Kiswahili yote kwa pamoja, na michoro ya wino ya gerezani ikawekwa kurasa za pembeni.