Picha na Taharuki katika Hadithi za Mfululizo Magazetini

Hadithi za mfululizo aghalabu huhakikiwa kana kwamba ni maneno matupu. Mkabala huo una kasoro. Msomaji asimamaye mbele ya meza ya magazeti huko Buhongwa, kando ya barabara iingiayo jijini Mwanza kutoka Shinyanga, haanzi na sentensi ya kwanza. Jicho lake hutua kwanza kwenye picha. Kabla hajajua nani kafanya nini, amekwisha kuona bastola au mwanamke anayelia. Hapo taharuki hubadilika umbo: haulizi tena iwapo jambo litatokea, bali litatokeaje.

Ushahidi ulio wazi zaidi watoka mbali. The Woman in White, riwaya ya Wilkie Collins, ilichapishwa kwa sehemu kuanzia Novemba 1859 hadi Agosti 1860. Mjini London ilitoka katika All the Year Round, jarida la Charles Dickens lisilokuwa na picha. Mjini New York ilitoka katika Harper's Weekly, pamoja na michoro ya John McLenan. Hadithi ni ile ile, usomaji si ule ule. Msomaji wa London alimkuta mwanamke mwenye mavazi meupe ghafla, barabarani, usiku, sawa na mhusika Walter Hartright. Mwenzake wa New York alikuwa na mchoro mbele ya macho. Mshtuko ukageuka kuwa matarajio.

Katika African Film, jarida lililomtangaza mpelelezi Lance Spearman Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1960, maneno yenyewe yaliisindikiza picha. Kwa Eric Shigongo, aliyechaguliwa mwaka 2020 kuwa mbunge wa Buchosa, mkoani Mwanza, hata kichwa cha hadithi huchora: Rais Anampenda Mke Wangu hufichua mgogoro mapema, kisha humfunga msomaji kwenye namna utakavyokua.

Tatizo ni kwamba maktaba huhifadhi kitabu, ilhali gazeti la juzi limekwisha kufungia karanga. Mhakiki aliye na kitabu peke yake hulaumu marudio ya mwanzoni mwa kila sehemu, akiyaita udhaifu wa kisanaa. Gazetini, marudio hayo humpokea msomaji aliyevutwa na picha ya leo bila kuwahi kuisoma sehemu iliyotangulia.