Tuokoe Kanda Zetu za Video

Televisheni ilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994, wengi wetu akina mama tulirekodi kwaya kwa deki. Baadhi ya waimbaji wale wamekwisha kulala katika Bwana. Huenda sauti zao zimebaki katika kanda zetu tu. Nazo kanda huota ukungu, na kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016.

Tufanyeje? Deki iunganishwe na kompyuta kwa kifaa cha kunasia picha, kanda ichezwe mwanzo hadi mwisho, kisha diski ichomwe. DVD ya gigabaiti 4.7 huchukua kama saa mbili. Tuchome mbili, moja ikae kwa ndugu. Tusingoje deki ife.